CD haikuwa feki, tuliichoma mbiombio

"Dogo, CD yako feki hii." Dereva wa daladala za Manzese aliitupa juu ya kaunta. Nyimbo za mwanzo zilipiga freshi, kuanzia ya kumi na mbili ikawa inagotagota, ya mwisho redio ikagoma kabisa. Nami, kijana wa steshenari, nikajitetea upesi: mzigo wa Kariakoo huo, bro, tufanyeje.

Nilimdanganya bila kujua. Tatizo lilikuwa mimi na ile 52x, yaani kuchoma CD kwa mwendo mara 52 ya ule wa kawaida.

CD tupu ina mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka katikati kwenda nje. Ukiunyoosha unapita kilomita tano, hivi kama Kariakoo mpaka Manzese kwenyewe. Juu yake kuna rangi, na leza inapochoma huiunguza rangi hiyo madoa madoa. Kinachonifurahisha mpaka leo ni kwamba ile "moja" ya kompyuta si doa lenyewe. Ni ukingo, pale doa linapoanza au kuishia. Katikati ya kingo ni sifuri tupu. Kwa hiyo ukingo ukisogea kidogo tu, redio inasoma kingine.

Sasa mwendo. 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde, na CD ya dakika 80 inachomwa kwa dakika 80. Ile 52x inayotamba kwenye boksi haianzii mwanzo: mashine inazungusha CD kwa kasi ileile, na kwa kuwa mzunguko wa nje ni mrefu zaidi, leza inaifikia 52x pembeni kabisa. Huko ndiko kingo zinakovurugika, na ndiko zilikokaa nyimbo za mwisho za yule dereva.

Kwa 16x ningemaliza kwa dakika tano na ushee. Kwa 52x, kama tatu hivi. Dakika mbili! Foleni ya Magomeni peke yake inakula ngapi? Ila sikubaliani pia na wale mafundi waliosisitiza 1x kwa kila kitu. CD za miaka ya baadaye rangi yake ilitengenezwa kwa mwendo mkubwa, ukizichoma polepole mno hupati faida yoyote.

Na tuache kulinda tumbo la CD tu. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja. Mgongoni, tunapoandika "Taarab Mchanganyiko" kwa kalamu ya bolpeni, kuna vanishi tu, kisha kioo chenyewe kinachorudisha mwanga wa leza. Mkwaruzo wa mgongoni hauna dawa. Jua nalo linaifubaza ile rangi.

Nilimchomea nyingine kwa 16x, bure. Alisimama mlangoni ananung'unika, konda anapiga honi. Akaichukua, akapanda, akaiweka juu ya dashibodi, tumbo juu, saa saba ya mchana.