Vijana Wanaotoka Kanisani Walisikiliza Mahubiri

Kila kamati ya kanisa inapofika kwenye ajenda ya vijana, kuna kauli ambayo haikosi kusemwa: vijana wamependa dunia. Husemwa kwa huzuni ya kweli, na mara nyingi hufuatwa na washukiwa wale wale, yaani simu, pombe, marafiki wa chuoni na masomo yaliyowatia kiburi. Nimeketi katika vikao hivyo hapa Kenya kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya Jumapili na baadaye mjumbe wa kamati, na kwa muda mrefu sikuona sababu ya kuipinga kauli hiyo. Leo ninaamini kwamba inaeleza sehemu ndogo tu ya jambo, na kwamba inawadhulumu watu ambao hawamo kikaoni kujitetea.

Wazee wana hoja, na si nyepesi. Kijana anayetoka Kakamega au Machakos kwenda Nairobi kutafuta kazi huacha nyuma kanisa linalomjua kwa jina la baba yake, na anapofika mjini hupangisha chumba mahali ambapo hakuna mtu atakayegundua kwamba hakuonekana ibadani. Walinzi, wahudumu wa maduka na waendesha bodaboda hufanya kazi Jumapili, na wengi wao ni vijana. Tena kila kizazi kimekuwa na miaka yake ya kutangatanga. Wazee wengi wanaolalamika leo walirudi kanisani walipooa au walipotaka watoto wao wabatizwe. Mzee anayekumbusha waumini onyo la Waraka kwa Waebrania, kwamba tusiache kukusanyika pamoja, analisema neno ambalo limemshika mwenyewe katika misiba na njaa. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo hayaelezi kwa nini anayeondoka mara nyingi ni yule aliyekuwa akiongoza kwaya ya vijana, aliyekariri katekisimu vizuri kuliko wenzake, na aliyeuliza maswali mengi kabla ya kipaimara.

Watu wanaotaka kuonyesha kwamba hakuna tatizo hutumia takwimu za sensa, na takwimu hizo zinastahili kuangaliwa kwa subira. Sensa ya 2009 iliwahesabu Wakenya 922,128 waliosemekana kutokuwa na dini. Sensa ya 2019 iliwahesabu 755,750, ingawa katika miaka hiyo kumi idadi ya watu wote ilikuwa imepanda kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Kwa kipimo hicho wasio na dini walipungua kutoka takriban asilimia 2.4 hadi asilimia 1.6, na Wakristo wa madhehebu yote wakawa asilimia 85.5. Askofu akizisoma tarakimu hizo anaweza kulala usingizi mnono.

Lakini karani wa sensa huuliza dini. Haulizi ni lini mtu aliketi kanisani mara ya mwisho, wala kama bado anaamini anachosikia humo. Isitoshe, katika nyumba nyingi anayejibu ni mkuu wa kaya, kwa niaba ya wote waliolala hapo usiku ule. Mama akiulizwa dini ya binti yake wa miaka ishirini na miwili atataja kanisa alimobatiziwa, na hatakuwa anadanganya, kwa maana kwake ubatizo haufutiki. Na hata binti akijibu mwenyewe, kuna uwezekano mkubwa atajiita Mkristo, kwa kuwa ndivyo alivyo: anaomba usiku, ana Biblia katika simu, anafunga anapokuwa na shida, ila Jumapili asubuhi hatoki. Katika nchi ambayo watu milioni 35.7, yaani asilimia 75 hivi ya wote, walikuwa chini ya umri wa miaka 35 wakati wa sensa ya 2019, kundi la namna hiyo likiwa kubwa halitaonekana popote katika jedwali. Litaonekana kwenye mabenchi. Kwangu mimi upungufu ule wa watu laki moja na sitini na kitu hauthibitishi kwamba vijana wapo. Unathibitisha kwamba wanaoondoka hawamwachi Mungu, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tuache kusema kwamba wamependa dunia.

Mwaka 2024 ulitupa nafasi ya kusikia wanachosema wenyewe. Mwezi Juni, vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha, uliokusudia kuongeza kodi, waliingia barabarani katika kaunti nyingi, na tarehe 25 walifika hadi ndani ya Bunge, siku ambayo wenzao kadhaa walipigwa risasi wakafa. Wengi hukumbuka hilo, na hukumbuka pia kwamba kesho yake Rais William Ruto alikataa kutia saini mswada ule. Wachache hukumbuka kwamba katika majuma yale yale vijana waliitana mitandaoni waingie makanisani Jumapili ili kuwazuia wanasiasa kupewa kipaza sauti. Kama wangekuwa wamelichoka kanisa tu, wangelipuuza. Mtu hahangaiki kusafisha nyumba ambayo haihesabu kuwa yake. Na wimbo walioimba mbele ya maji ya kuwasha na vitoa machozi ulikuwa wimbo wa taifa, ambao tangu neno lake la kwanza ni sala, na unaomba haki iwe ngao na mlinzi.

Yaliyofuata ndiyo ninayorudi kuyafikiria mara kwa mara. Tarehe 5 Julai 2024 Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena katika harambee. Tarehe 17 Novemba, siku tatu baada ya maaskofu Wakatoliki kulaani kile walichokiita utamaduni wa uongo serikalini, yeye mwenyewe alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na baraza la watoto katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, na milioni 2 za nyumba ya padre, akaahidi milioni 3 nyingine pamoja na basi la parokia. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alitoa taarifa kwamba fedha hizo zitarudishwa na ahadi haitapokelewa. Zikarudishwa pia shilingi 200,000 za gavana wa Nairobi. Kisha tarehe 2 Machi 2025 Rais alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry huko Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana wakajaribu kufika kanisani hapo, polisi wakawazuia kwa vitoa machozi na barabara ya Thika ikafungwa kwa matairi yanayowaka.

Milioni 20 ni neno ambalo mtu mzima mwenye mshahara hulisikia likapita. Kijana anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi angelazimika kufanya kazi zaidi ya miaka 111, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba, ili azifikishe. Kijana huyo huyo, akiwa mtoto, alisikia kanisani habari za senti mbili za mjane. Alifundishwa kwamba sadaka hupimwa kwa kile kinachobaki mkononi mwa mtoaji, na kwamba mtu akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu akapatane naye kwanza. Sasa anaona sadaka ikiletwa na mtu ambaye polisi wa serikali yake walimuua rafiki yake wa darasani, na anaona madhabahu ikiipokea kwa vigelegele. Wazee humwambia asichanganye siasa na imani. Lakini ni nani aliyezichanganya?

Na vijana hawa wanaijua historia ya kanisa lao kuliko tunavyodhani. Tumewasimulia wenyewe. Tumewaambia jinsi maaskofu David Gitari, Henry Okullu na Alexander Muge walivyoukemea upigaji kura wa mlolongo, yaani wa kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea, mwaka 1988, na jinsi Muge alivyofariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, baada ya kuonywa na waziri hadharani asikanyage Busia. Tumewaambia jinsi akina mama wa wafungwa wa kisiasa walivyopokewa katika kanisa kuu la All Saints mwaka 1992 wakakaa humo karibu mwaka mzima, na jinsi polisi walivyoingia katika kanisa hilo hilo tarehe 7 Julai 1997 na kuwapiga watu waliokuwa wakisali. Kizazi kilicholelewa kwa simulizi hizo hakiwezi kulaumiwa kwa kuuliza maaskofu wa leo wako wapi. Wengine wapo. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwanyima wanasiasa mimbari huko Butere mnamo Septemba 2021, katika ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, na alifanya hivyo wakiwa wameketi mbele yake. Ni haki kulitaja hilo kila mara, kwa kuwa vijana nao wana desturi ya kuwahukumu makasisi maelfu kwa sababu ya wachache wanaoonekana kwenye televisheni.

Hapa upande wa makasisi unahitaji kusikilizwa, maana wanaorudisha fedha hadharani mara nyingi ni wale wenye dayosisi kubwa au majimbo yenye uwezo. Harambee imejenga shule, zahanati na makanisa ya nchi hii tangu uhuru, na neno lenyewe limeandikwa kwenye nembo ya taifa. Kasisi wa kijijini ambaye mabati ya kanisa lake yameng'olewa na upepo ana waumini wanaotoa shilingi ishirini, na mbunge ndiye mtu pekee anayemjua mwenye uwezo wa kumaliza kazi kwa siku moja. Akimkataa, mvua itaingia. Nimemwona kasisi wa namna hiyo akipokea bahasha kwa aibu, na sikuwa na ujasiri wa kumlaumu. Hata hivyo aibu yake haikuwafikia vijana waliokuwa nyuma ya kanisa. Kilichowafikia ni kwamba mbunge alipewa dakika arobaini za kuhutubia na mahubiri yakapewa kumi.

Fedha si jambo lote. Kuna suala la wasichana, ambalo katika vikao vyetu hupitishwa haraka kuliko yote, nami nadhani ndilo linalotoa watu wengi kimyakimya. Katika makanisa mengi msichana akipata mimba kabla ya ndoa huondolewa kwaya, hunyimwa Meza ya Bwana kwa muda, na anapotaka mtoto wake abatizwe hutakiwa kwanza kutubu mbele ya wazee. Mvulana aliyeshirikiana naye, ambaye mara nyingi anajulikana na kila mtu, huendelea kupiga kinanda. Wazee huitetea nidhamu hiyo kwa kusema kwamba kanisa lisilokemea dhambi limekoma kuwa kanisa, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini nidhamu inayomfikia mmoja kati ya wawili, kwa kuwa mwili wa mmoja umeshindwa kuficha, haikemei dhambi. Inakemea ushahidi. Msichana hulijua hilo siku ile ile, na mara nyingi rafiki zake watatu au wanne hulijua pamoja naye. Baada ya mwaka tunaandika katika ripoti kwamba mahudhurio ya vijana yamepungua na kwamba tunahitaji vyombo vya muziki.

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola na hesabu ikapita mia nne, kijana anayeuliza maswali ana sababu nyingine ya kuuliza. Wachungaji wengi waliona kuwa ni dhuluma kulinganishwa na Paul Mackenzie, mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa msituni humo, na walikuwa na haki ya kukasirika. Walichokosa kukiona ni kwamba utii usiouliza ndio uliowapeleka watu wale msituni, na kwamba kijana anayetaka kuonyeshwa hesabu za kanisa au kuelezwa maana ya andiko analifanyia kanisa kazi ya ulinzi.

Ninachowalaumu vijana ni kimoja, nami nakisema nikiwapenda. Wanapoondoka, kamati hubaki mikononi mwa watu ambao hawakuona tatizo. Aliyekuwa na ushupavu wa kumnyang'anya mwanasiasa kipaza sauti angeweza kugombea nafasi ya mweka hazina wa parokia, kazi isiyo na sifa na yenye mikutano mirefu, ambayo ndiyo inayoamua fedha gani zinapokewa. Na kanisa lina mambo ambayo simu haiwezi kuyabeba: watu wanaokesha matangani na mgonjwa anayeletewa uji kwa zamu. Anayeondoka akiwa na miaka ishirini na mitano hajui bado atakavyoyahitaji akiwa na hamsini.

Mmoja wa waliokuwa katika darasa langu la shule ya Jumapili sasa ana miaka ishirini na sita na anafanya kazi Mombasa. Hajaingia kanisani kwetu tangu Juni 2024. Mwaka jana tulipokuwa tukichanga fedha za kuezeka nyumba ya mjane mmoja wa usharika wetu, alituma shilingi 3,000 kwa M-Pesa, akaomba kwa adabu aonyeshwe risiti za mabati. Mwenyekiti alikasirika. Mimi nilizipiga picha risiti nikamtumia, naye akajibu, "Asante Mwalimu, Mungu awabariki." Jina lake bado limo katika daftari letu la washiriki, na karani wa sensa atakapopita tena, mama yake atamwandikisha Mkristo.