Bando Liliisha Dakika ya Tisa

Corolla yangu ni ya mwaka 1998, ile 110, na kwa miezi miwili kila nikikanyaga breki ilikuwa inalia kama mtu anayekwangua ukoko kwa kijiko cha bati. Abiria wa bodaboda walikuwa wananigeukia kabla sijapiga honi. Fundi wa pale kona akaniambia hiyo kelele siyo ubovu, ni ustaarabu: kwenye pedi ya breki kuna kibati kidogo, pedi ikiisha kinagusa disku, lile sahani la chuma linalozunguka na tairi, kwa makusudi ili kikushtue. Ufundi elfu ishirini, pedi nunua mwenyewe.

Nikamwambia nitarudi. Ukisikia mtu anamwambia fundi "nitarudi", ujue huyo harudi.

Nikashuka Ilala nikanunua pedi za mbele, nikaazima jeki na spana, na klampu nikaipata kwa seremala. Jumamosi saa tatu asubuhi nikavaa fulana mbovu, nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikafungua video ya dakika kumi na mbili. Mwanangu wa miaka tisa nikamkabidhi sinia la kuwekea nati. Mzee jirani, dereva mstaafu wa malori ya masafa, akasogeza kiti chake mpaka kwenye uzio.

"Leo tuna gereji hapa?"

"Shikamoo mzee. Kitu kidogo tu hiki."

"Marahaba. Kidogo, eeh." Akaomba aletewe chai.

Sisi tunakaa Kimara, na asiyeijua Kimara ajue ni vilima. Uwanja wetu unateremka moja kwa moja hadi kwa jirani wa chini. Hendibreki ya gari ilishakufa zamani, kwa hiyo nikatia mawe mawili nyuma ya... samahani, mbele ya matairi ya nyuma. Mzee ndiye alinisahihisha, mara ya kwanza kati ya nyingi.

Tairi likatoka. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye disku, ikafunguka. Pedi ya zamani ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la karanga. Kazi ikaanza kunoga, mpaka nilipofika kwenye kurudisha pistoni, kile kichuma cha kusukuma pedi, ndani ili pedi mpya, ambayo ni nene, ipate nafasi. Nikafunga klampu, nikakaza, pistoni ikarudi taratibu, raha tupu. Mwanangu akasema, "Baba, gari linatapika."

Mwezi uliopita taa ya breki iliwaka, nikajaza mafuta ya breki kwenye chupa yake mpaka juu. Kumbe yalikuwa yamepungua kwa sababu pedi zimekwisha. Sasa narudisha pistoni, yanarudi yalikotoka, na kule hakuna nafasi. Yakafurika, yakateremkia bodi. Nikayafuta na kitambaa bila haraka. Usiyafute bila haraka. Yanakula rangi; leo ubavu wa gari langu una ukurutu.

Upande wa pili nilimaliza kwa nusu saa. Nikarudi kwenye simu nione kinachofuata. Dakika ya tisa, yule jamaa wa kwenye video kanyoosha kidole, kafungua mdomo, na kiduara kinazunguka. Bando limeisha.

Nikajiuliza: kimebaki nini sasa? Tairi zimefungwa, nati zimekazwa, jeki imetoka. Atakuwa anaaga tu, anaomba watu wabonyeze kengele.

Nikaingia, nikawasha, nikamwambia mwanangu atoe mawe. Nikatia D.

Nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini kama nimekanyaga uji.

Ningesema gari lilifyatuka, lakini hapana, na hilo ndilo linaloniuma. Liliteremka polepole, kwa heshima, kama bibi harusi. Mwanangu alikuwa anatembea kando yangu dirishani, ananiuliza, "Baba, unaenda wapi?" Mimi nimeng'ang'ania pedali hapohapo chini, kana kwamba nikizidi kukaza meno itapata huruma. Gia nyingine? Wakati ule hata jina langu nilikuwa nimelisahau.

Tukapita uzio wa michongoma. Tukapita kwenye kamba ya nguo ya jirani. Kukawa giza: kanga imefunika kioo chote cha mbele, na mimi ndani naisoma herufi moja moja, kinyumenyume, HASIDI HANA SABABU. Halafu pwaa, tukasimama. Jirani alikuwa anajenga. Pua ya Corolla ilikuwa ndani ya lundo la mchanga mpaka kwenye taa.

Mzee akaja na kikombe chake mkononi. Akafungua mlango, akanisukuma pembeni kwa kiwiko, akakanyaga pedali mara nne, tano. Ikapanda. Ikawa ngumu kama jiwe.

"Umerudisha pistoni ndani, si ndiyo? Sasa nani angezisukuma zifike kwenye disku? Unapampu kwanza, ndipo unawasha."

Jioni nilinunua bando. Dakika ya tisa na sekunde nne, jamaa anasema hivyo hivyo.

Kanga nilizifua kwa mkono, saba, mwenyewe akiwa amesimama ananielekeza pa kusugua. Vijana wa kuchimbua gari walichukua elfu thelathini. Na Jumatatu nikipita pale kona, fundi akanyanyua kichwa kutoka chini ya Noah, akafuta mikono.

"Fundi mwenzangu! Huyu mteja pedali yake inazama. Una nafasi?"