Panya wa kulinganishia naye alikuwa na hofu

Kila baada ya muda hupita kichwa cha habari kilekile: msongo wa mawazo unakula kumbukumbu, msongo unaleta Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau uzeeni. Unafungua, unashuka aya ya sita au ya saba, ndipo unaambiwa waliopimwa ni panya. Basi maoni yanafurika watu waliokasirika, eti sisi na panya wapi na wapi.

Hasira hiyo naiona imeelekezwa pasipo pake. Mengi tunayoyajua kuhusu msongo na ubongo yalianza kwa panya. Hans Selye mwaka 1936 alionyesha kuwa ukimdhuru panya kwa njia tofauti kabisa, mwili wake unajibu kwa namna moja: tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zinavimba, thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, inanywea, tumbo linatoka vidonda. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller wakaonyesha kwamba kotikosteroni, homoni inayofanya kwa panya kazi ya kotisoli, homoni ya msongo, kwetu, inaingia ubongoni na kung'ang'ania kwenye hipokampasi, sehemu ileile inayoshika kumbukumbu za mahali na matukio. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba hofu haiishii moyoni na tumboni.

Linaloniudhi ni jingine. Hakuna anayeuliza habari za wale panya wengine, wale ambao "hawakufanywa kitu". Matokeo yote yanapimwa dhidi yao. Je, walikuwa wametulia kweli?

Chukua jaribio linalotumika sana. Panya anaingizwa kwenye bomba lenye matundu ya hewa, hawezi kugeuka, anakaa humo saa 6 kwa siku, siku 21 mfululizo. Mwishoni, ukitazama seli za eneo la CA3 la hipokampasi kwa darubini, matawi yake yamekuwa mafupi na machache, kama mti uliopogolewa. Ni matokeo ya kuaminika, yamerudiwa mara nyingi. Tena msongo ukikoma, ndani ya siku kama 10 matawi yanaanza kurudi, jambo ambalo vichwa vya habari hulisahau kabisa.

Sasa tazama kundi la kulinganishia. Panya aliye kwenye bomba hali wala hanywi kwa saa 6. Kama mwenzake ameachiwa chakula na maji saa hizo zote, huko si kupima msongo peke yake, umeuchanganya na njaa na kiu. Kwa hiyo chakula na maji viondolewe kwa wote, kwa saa zilezile. Halafu panya dume mchanga anakua haraka. Bomba lililomtosha siku ya kwanza linaweza kumbana kifua wiki ya tatu, na joto la mwili likapanda. Lazima uwe na mabomba ya saizi zaidi ya moja na umpime uzito mara kwa mara. Uzito wenyewe ni ushahidi: aliyebanwa huongezeka polepole kuliko mwenzake, na mwisho wa jaribio adrenali zake, zikipimwa kwa kulinganisha na uzito wa mwili, huwa nzito zaidi. Ripoti isiyoonyesha hata kimoja kati ya vipimo hivi inatutaka tuamini kwa neno tu kwamba msongo ulikuwepo.

Lipo pia lisilosikika. Panya mwenye hofu hutoa mlio wa takriban kilohezi 22 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Sikio la mtu linaishia kama 20. Chumba kwako kiko kimya, lakini kwa panya wa kulinganishia kwenye kizimba cha rafu ya pili, mwenzake anapiga kelele za hatari kutwa. Ukiwaweka chumba kimoja, umewatia msongo wote wawili, kisha unaandika kwamba tofauti ni ndogo.

Na mikono yetu. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kuwa vipanya, jamaa wadogo wa panya, wanaonyanyuliwa kwa mkia wanakuwa na wasiwasi zaidi kuliko wanaobebwa ndani ya kijibomba au kwenye viganja vilivyokunjwa kama kikombe. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, likaonyesha kwamba harufu ya mwanamume, hata ya fulana aliyoivaa tu, inapandisha kotikosteroni kwa panya. Ya mwanamke haifanyi hivyo. Fikiria maana yake: mhudumu wa kiume akishika zamu wiki ya kwanza na wa kike wiki ya pili, matokeo yanaweza kubadilika bila dawa wala bomba. Ni nani aliyemshika panya, alimshikaje, na alimzoesha kwa siku ngapi kabla? Haya yaandikwe. Ni sentensi tatu tu!

Damu nayo ina masharti yake. Kotikosteroni huanza kuonekana imepanda kama dakika 3 baada ya kumgusa mnyama. Ukitaka kiwango chake cha utulivu, uwe umemaliza kuchukua tone ndani ya dakika hizo, tangu kizimba kilipofunguliwa. Wakiwa wanne kwenye kizimba kimoja, wa kwanza unaweza kumuwahi. Wa nne amekwisha kushuhudia mkono ukiingia mara tatu, na homoni yake tayari inapaa. Anayechukua damu ya kundi zima kwa mpangilio huohuo kila siku anapima foleni. Saa ya siku pia: panya ni mnyama wa usiku, homoni yake hufika kilele jioni, taa zinapokaribia kuzimwa. Kundi moja likipimwa asubuhi na jingine alasiri, tofauti utaipata hata kama hujawafanya lolote.

Tukija kwenye kumbukumbu, kipimo maarufu ni dimbwi la Richard Morris, lililoanza miaka ya 1980: duara la maji yaliyotiwa weupe, na jukwaa dogo lililofichwa chini kidogo ya uso wa maji. Panya anaogelea hadi alipate, na siku zinavyopita anakumbuka lilipo kwa kutazama alama za ukutani. Kipimo kizuri, ila dimbwi lenyewe ni msongo. Carmen Sandi na wenzake mwaka 1997 walifundisha panya kwenye maji ya nyuzi 19 na wengine nyuzi 25. Wa maji baridi walikuwa na kotikosteroni zaidi na walikumbuka vizuri zaidi. Ndiyo, msongo kidogo wakati wa kujifunza unaweza kuiimarisha kumbukumbu. Mwaka uliofuata Dominique de Quervain, Benno Roozendaal na James McGaugh walionyesha upande wa pili: panya aliyekwisha kujifunza, akipigwa shoti ya umeme miguuni nusu saa kabla ya kupimwa, anashindwa kukumbuka, ikipigwa dakika 2 kabla au saa 4 kabla, hakuna shida. Kwa hiyo "msongo unaharibu kumbukumbu" ni sentensi isiyokamilika mpaka useme msongo gani, lini, na maji yalikuwa nyuzi ngapi.

Kwa jike mambo ni tofauti tena. Zile siku 21 za bomba zinazopogoa matawi ya CA3 kwa dume haziyapogoi vivyo hivyo kwa jike. Miaka mingi majike waliachwa nje ya tafiti hizi, na hasara hiyo bado tunailipa.

Sasa hiyo Alzheimer. Vipanya hawaugui Alzheimer kwa asili. Wanapandikizwa jeni za binadamu zenye kasoro ndipo ubongo wao unajaa amiloidi, mabonge ya protini yanayoonekana kwenye ugonjwa huo. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wametufaa: mwaka 2007 kundi la David Holtzman lilionyesha kuwa vipanya hao wakibanwa, amiloidi-beta, protini inayounda mabonge hayo, hupanda kwenye majimaji ya ubongo ndani ya saa chache. Huo ni utaratibu wa kweli wa kibayolojia. Haujawa ugonjwa wa bibi wa mtu.

Na wengi wa vipanya hao wamezalishwa kwa kuchanganywa na ukoo wa SJL, ukoo unaobeba jeni ya upofu iitwayo rd1. Aliyerithi nakala mbili za jeni hiyo, retina yake, utando wa jicho unaopokea mwanga, hufa angali mchanga. Anatupwa dimbwini, anazunguka kandokando ya ukuta, hapati jukwaa, na anaandikwa kuwa amepoteza kumbukumbu. Alama za ukutani hajawahi kuziona. Dawa yake ni rahisi: kila kipanya apimwe jeni hiyo kabla, kisha jukwaa lichomozwe juu ya maji, libandikwe kibendera, na atazamwe kama anaogelea moja kwa moja kulifuata. Asiyelifuata hilo linaloonekana aondolewe kwenye hesabu ya kumbukumbu, na ripoti iseme walioondolewa ni wangapi.