Mzingile wetu ulijengwa na watu 43

Juzi usiku rafiki yangu tuliyefanya naye kazi alinitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha maonyesho. Karatasi nzuri, nzito, na katikati yake umekaa mzingile wetu wa tamasha, jengo la njia za kupoteza watu, umepigwa picha alfajiri: kuta za mbao zimeshika rangi ya chungwa, pembe za Minotauro, yule mnyama wa hadithi za Wagiriki mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, zimechomoza kwa juu. Nilifurahi kwa sekunde chache. Kisha nikaikuza picha kutafuta maandishi, nikakuta jina la mtu mmoja, mwaka, na maneno matatu: mbao, chuma, moto.

Tulikuwa 43. Nasema kwa hakika kwa sababu daftari la chakula nilikuwa nalo mimi, na kila jioni ilinibidi niwaambie wa jikoni wapakue sahani ngapi. Wiki tatu tulilala kwenye mahema, kwenye malisho ya ng'ombe mashariki mwa Oregon, kwa jua la Julai na upepo ambao kila siku ulianza saa tisa alasiri kama umeajiriwa kuja. Siku ya sita upepo huo ukaangusha ukuta wa mita 12 tuliokuwa tumeusimamisha asubuhi. Hakuumia mtu, Alhamdulillahi. Kiongozi wetu, ambaye jina lake ndilo pekee lililo kwenye ukurasa ule, siku hiyo alikuwa mjini akihangaikia kibali cha moto. Aliyeiokoa kazi ni mzee mmoja seremala, mhamiaji kutoka Michoacán, Mexico. Aliuzunguka ule ukuta ulioanguka bila kusema neno, akachukua penseli, akachora kwenye kipande cha plaiwudi namna ya kuzifunga kuta mbili mbili kwa pembe ili zishikane zenyewe, na kuzikita kwa nondo zilizozama ardhini mita moja. Michoro ya mwanzo haikuwa na kitu kama hicho. Kila aliyeingia mzingile ule usiku wa tamasha, akapotea, akacheka, akaogopa, hatimaye akamkuta mnyama katikati, alikuwa anatembea ndani ya wazo la mzee yule. Jina lake halipo kwenye ukurasa.

Hayapo ya wale dada wawili waliochomelea kichwa cha Minotauro usiku kucha, jenereta ikizimika kila baada ya nusu saa. Halipo la mama wa jikoni aliyeamka saa kumi alfajiri ili tule kabla jua halijakaza. Langu pia halipo, mimi niliyetengeneza milango, nalo linaniuma, ila silo linaloniuma zaidi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tuliazima hadithi hii kwa Wagiriki. Kila siku tulikuwa tukisimuliana habari za Daedalus, fundi aliyemjengea mfalme Minos mzingile kule Krete. Fundi! Hadithi imemhifadhia fundi jina lake. Hali kadhalika Farasi wa Troya, yule wa mti ambaye Wagiriki walijificha tumboni mwake ili kuuteka mji wa Troya: watoto wa shule wanamjua Odysseus, mwenye hila ile, lakini mshairi wao Homer anamtaja pia Epeios, aliyemuunda farasi huyo akisaidiwa na mungu wa kike Athena. Mtu ataniambia hapo napo ni jina moja, na jeshi zima lililokata na kubeba magogo limefunikwa. Ni kweli, ushairi wao una dosari hiyo hiyo. Lakini Wagiriki hawakutuachia mashairi tu.

Pale kwenye kilima cha Akropoli, Athens, kuna hekalu la Erechtheion, lile lenye nguzo zilizochongwa kama wanawali. Ni hekalu la hadithi tupu: ndipo mahali wanapodai Athena na Poseidon, mungu wa bahari, waligombea mji, mmoja akatoa mzeituni, mwingine akapasua mwamba ikatoka maji ya chumvi. Ujenzi wake ulimaliziwa kati ya mwaka 409 na 406 K.K., mji ukiwa vitani na Sparta, miaka michache kabla ya kushindwa kabisa mwaka 404. Fedha ni ya shida. Na katika shida hiyo Waathene walichukua hesabu za ujenzi, mstari kwa mstari, wakazichonga kwenye mawe ya marumaru na kuyasimamisha hadharani. Vipande vyake vipo hadi leo.

Mara ya kwanza kusoma tafsiri ya hesabu hizo nililia, na sioni haya kusema. Wachongaji wa sanamu za ukutani wameandikwa hivi, na malipo yao kwa drakma, sarafu ya fedha ya Wagiriki. Phyromachos wa Kephisia: kijana aliye kando ya dirii, drakma 60. Praxias, mkazi wa Melite: farasi na mtu anayeonekana nyuma yake, drakma 120. Hivyo tu. Jina, mahali anapokaa, alichokifanya, alicholipwa. Wasomi wamehesabu zaidi ya watu 100 katika mawe hayo: waashi, maseremala, wachongaji, wapasua mbao, wachoraji. Humo mna raia wa Athens, mna wageni wakazi ambao ni wengi kuliko raia, na mna watumwa, nao kwa majina yao. Waliofanya kazi ya kutwa kwa kawaida walilipwa drakma moja kwa siku, na msanifu mkuu wa hekalu naye aliandikiwa drakma ile ile moja kwa siku.

Sitaki kuipamba Athens. Mtumwa alibaki mtumwa, na fedha yake yumkini iliishia mkononi mwa bwana wake. Lakini miaka 2,400 baadaye tunajua nani alimchonga yule farasi. Sisi, wenye simu na kompyuta na kitabu cha karatasi nzito, hatujui nani aliyachomelea macho ya Minotauro.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu najua jibu linalokuja. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kiongozi ndiye aliyeiota kazi. Alikopa, alitia sahihi ya bima, alikesha, na kama mtu angeungua ni yeye ambaye angeitwa mahakamani. Jina lake liwe la kwanza, liwe kubwa. Sina ugomvi. Ila msiniambie nafasi haikutosha. Pale langoni mwa mzingile palikuwa na ubao wa wafadhili, nembo 11, kila moja imechorwa kwa rangi zake. Nafasi ya kampuni iliyotoa skrubu ilipatikana. Ya mkono uliozikaza haikupatikana.

Kuna pia wale wanaosema sanaa ya tamasha ni zawadi, na zawadi haidai shukrani. Maneno haya yametokana na Burning Man, tamasha la sanaa la kule jangwa la Black Rock, Nevada, ambako Larry Harvey, mmoja wa waanzilishi wake, aliandika kanuni 10 mwaka 2004, utoaji ukiwa mojawapo na juhudi za pamoja nyingine. Kanuni hizo nazipenda. Nimeziishi. Lakini kutodai ni kwa mtoaji. Anayepokea hakupewa ruhusa ya kumfuta aliyempa. Asiyetaka kutajwa aulizwe, aseme hapana, aachwe. Sisi hatukuulizwa.

Mwaka 2011, huko huko Black Rock, Douglas Bevans na timu yake walijenga Farasi wa Troya, mkubwa kama jengo la ghorofa. Sikuwapo, ila video nimezirudia mara nyingi. Mamia ya watu wameshika kamba, vumbi jeupe limewafunika hadi nyusi, na yule farasi anasogea kidogo kidogo jangwani, kabla ya kuja kuchomwa moto. Natazama zile kamba kuliko ninavyomtazama farasi. Mwezi Novemba 2018, mjini Toulouse, Ufaransa, kampuni ya La Machine ya François Delarozière ilimtembeza mitaani Minotauro wa mita 14 na tani 47, na nilichokipenda pale ni kwamba waendeshaji wameketi wazi juu ya mashine, mikono kwenye nyenzo. Hakuna aliyefichwa ili mnyama aonekane wa muujiza. Na muujiza haukupungua hata chembe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi Nungwi. Siku ya kushua chombo kijiji kizima kilishika kamba, mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia huku wakivuta, na wanawake sufuria za wali zimeshaiva pembeni. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kukaa mbali na magogo. Mgeni akiuliza, "Mzee, jahazi hili kaunda nani?" babu hakuwahi kujibu "mimi". Alianza na aliyekwenda bara kuchagua mbao, akaja kwa aliyetoboa kwa keekee, aliyetia kalafati kuziba nyufa, vijana waliopaka sifa, yale mafuta ya papa. Mwisho kabisa ndipo aliposema, "Na mimi niliupima mkuku," yaani uti wa chini wa chombo. Mgeni alichoka kusikiliza, babu hakuchoka kutaja. Nilidhani wakubwa wote duniani hujibu hivyo.

Na si suala la heshima peke yake. Mmoja wa wale dada waliochomelea kichwa aliomba ruzuku ya sanaa mwaka jana. Aliombwa ushahidi wa kazi kubwa aliyoshiriki. Alichokuwa nacho ni kovu la kuungua kwenye kiwiko na picha za simu ambazo kiwanja ni giza tupu. Alinyimwa. Siwezi kuapa kwamba mstari mmoja kitabuni ungembadilishia jibu, lakini ningependa sana angekuwa nao mkononi siku ile.

Jana nimewaandikia waliochapa kitabu, kwa adabu, nikaomba toleo lijalo liwe na majina yote. Nimemwandikia kiongozi wetu pia. Bado sijajibiwa, na sitawasema vibaya kabla ya wao kujibu. Huku nikingoja nimelitoa lile daftari la chakula kwenye sanduku, nimeanza kuandika kwa mtindo wa lile jiwe la Athens: jina, alikotoka, alichokifanya. Mzee wa Michoacán: pembe za kuta na nondo zake. Dada wawili, mtu na mdogo wake: kichwa, pembe, na macho mawili. Mama wa jikoni: uji, maharage na kahawa, siku 21.

Nimefika 41. Wawili nimewakosa. Mmoja ni msichana aliyepaka rangi ukuta wa kaskazini, aliyeondoka kabla ya ufunguzi kwa sababu ya msiba nyumbani kwao. Mwingine ni kijana wa jenereta, mwenye kofia ya majani, aliyelala kando ya mashine ili akisikia imezimika aamke. Kwenye daftari nimewaandikia sahani tu, sikuwaandikia majina. Kosa hilo ni langu. Kama ulikuwa kwenye malisho yale kiangazi kile na unawajua, niambie wanaitwa nani.