Bado Nini?

Kwenye darasa la ushonaji, kola ya shati haimfichi mtu. Pindo likienda upande mteja huenda asilione, lakini kola iko chini ya kidevu. Mwanafunzi anayelegalega hujulikana hapo: ncha moja imechongoka, ya pili butu, na katikati kitambaa kimejikunja. Mwalimu anaishika, anaigeuzageuza, na mwanafunzi anamtazama usoni. Aambiwe nini?

Walimu wa ufundi tumegawanyika kwenye swali hilo, na kila upande una hoja nzito.

Wapo wanaosema aambiwe ukweli wote, mapema, bila kuzunguka. Mzazi amelipa ada kwa shida, muda unakwenda, na mteja wa kesho hatakuwa na huruma. Wenzetu wa umeme ndio wanaoshikilia hoja hii kwa nguvu, na nikiwasikiliza nawaelewa. Mwanafunzi anaweza kufunga swichi kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Taa itawaka na itazimika vizuri kabisa, kila mtu atapiga makofi. Lakini hata swichi ikizimwa, kishikizo cha balbu bado kina umeme, na siku mama mwenye nyumba akipanda kiti kubadilisha balbu atapigwa shoti. Kumwambia kijana wa namna hiyo "unajitahidi" ni kumtuma akahatarishe maisha ya watu.

Upande wa pili unaangalia aliyeketi darasani. Wengi wanaokuja kwetu wamepitia matokeo ya kidato cha nne yaliyowavunja moyo. Wengine wamepata sifuri, na nyumbani wameambiwa waziwazi kwamba wanaletwa ufundi kwa kuwa kichwa hakikukubali. Neno moja la ukali mbele ya wenzake linamkuta mtu ambaye tayari ana jeraha. Niliwahi kuinua gauni la kijana mmoja mbele ya darasa zima nikaonyesha zipu ilivyopinda. Nilidhani nafundisha. Wiki iliyofuata hakuja, na hakurudi tena. Hilo halijanitoka. Na sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, kwa hiyo maneno kama yale yatawafikia hata watoto wa miaka 14.

Mitaala ya umahiri ilijaribu kuupatanisha ugomvi huu. Katika mfumo huo mwanafunzi hapimwi kwa kulinganishwa na wenzake. Anapimwa kwa kazi, na kila kazi ama ameimudu ama bado. Kule Kenya, madaraja ya baraza la mitihani ya ufundi, TVET CDACC, hayaishii kwenye "amefeli". La chini kabisa linasema mwanafunzi bado hajawa na umahiri. Nalipenda neno "bado". Linamwachia mtu mlango wazi.

Lakini ni neno nusu. Bado nini?

Nilikuwa na binti ambaye daftari lake la maendeleo lilijaa "bado" na "aongeze bidii" kwa majuma mengi, na baadhi ya maandishi hayo yalikuwa ya mkono wangu. Bidii alikuwa nayo. Alibaki cherehanini wenzake wakienda kula. Siku moja alinifuata na kola yake: "Madam, naongeza bidii wapi?" Nilivuta kiti nikakaa pembeni yake, tukaifumua kwa wembe, kisha nikamwambia ashone nyingine nikimwangalia mikono tu. Alipofika kwenye pembe aliinua sindano juu, akainua mguu wa cherehani, akageuza kitambaa. Kitambaa kikateleza uzi mbili tatu, basi ncha ikawa butu. Sindano inatakiwa ibaki imezama kwenye kitambaa wakati wa kugeuza. Kumweleza kulichukua chini ya dakika moja. Majuma yote yale hakuna aliyekuwa mkali kwake, na hakuna aliyemsaidia.

Kwa hiyo naona tunabishana sana juu ya sauti, kali au laini, na kusahau kilichomo ndani yake. Mkali anayesema "kazi mbovu" na mpole anayesema "endelea kujitahidi" wanamwachia mwanafunzi mikono mitupu ileile. Tofauti ni kwamba wa kwanza amemuumiza pia.

Nitajibiwa kwamba darasa lina watu 30 na cherehani hazitoshi. Nani ana muda wa kukaa na kila mmoja? Ni kweli, na vyuo vinavyowarundika wanafunzi bila kuongeza walimu haviwezi kukwepa lawama. Hata hivyo kuna linalowezekana. Mwanafunzi abandike kila kola aliyoshona kwenye daftari la sampuli, na tarehe. Ya mwezi uliopita ikikaa kando ya ya leo, anaona mwenyewe alikotoka, nami naona kama kosa ni lilelile au ni jipya.

Lipo jambo moja ambalo nakubaliana na wakali moja kwa moja: mwanafunzi ambaye fani imemkataa. Huyo aitwe pembeni, aambiwe mapema wakati kubadili fani bado kunawezekana, na mzazi ajue. Kumnyamazia hadi mtihani kwa kumhurumia ni kumla ada.

Lakini wengi wanaolegalega si hao. Katika daftari la yule binti, siku ile niliandika: "Ncha ya kulia imekaa. Ya kushoto, sindano iliinuliwa kabla ya kugeuza. Arudie tatu kwa kipande cha kanga kuukuu, aniletee Ijumaa." Aliniletea tano.