Nguzoni au ardhini: mwanga wa faiba Mombasa hupotelea wapi?

Mwaka 2009 kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, mwaka uliofuata ikaja EASSy, na tangu hapo mji huu umekuwa mlango wa intaneti ya Kenya na ya majirani wengi. Lakini kukaa karibu na mlango hakumfai mtu ikiwa njia ya kutoka mlangoni hadi chumbani kwake ni mbovu. Masika yakianza, taa nyekundu ya LOS, ya kuashiria mwanga haufiki, huwaka kwenye visanduku vya faiba (nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga) kuanzia Tudor hadi Kisauni, na ubishi uleule hurudi barazani: nyaya hizi zilizotundikwa nguzoni zizikwe, au ziachwe palepale?

Wanaotaka zizikwe wanasema wanayoyaona kila siku. Lori lenye kontena refu linapita mtaa wa ndani na kuondoka na kebo tatu. Tawi la mwembe linaanguka. Nguzo inang'olewa barabara ikipanuliwa, na waya unabaki umelala kwenye tope wiki nzima. Pepo za kusi huzitikisa kebo mchana na usiku, na pale zilipofungwa vibaya huvutana na kiungio mpaka kilegee. Kebo iliyo ndani ya bomba, nusu mita au mita moja chini, haiyajui hayo.

Wanaosema ziachwe nao wanaijua ardhi yetu. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe. Mtaro unaochimbwa kwa jembe bara, hapa unahitaji mashine ya kupasua mawe. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na vichochoro vyake havipitishi hata mkokoteni bila mtu kujibana ukutani. Gharama hiyo mwishowe huangukia bili ya mteja. Kisha kuna suala la kutengeneza: kebo ya nguzoni ikikatika, fundi anaiona kwa macho. Iliyozikwa ikikatwa na wachimbaji wa mabomba ya maji, inabidi itafutwe kwa mashine ya OTDR, ile inayorusha mapigo ya mwanga na kupima yanayorudi, halafu pachimbwe upya.

Hoja moja inayotajwa sana dhidi ya nguzo haina uzito: kwamba stima inaleta kelele kwenye faiba. Hiyo ilikuwa kweli kwa nyaya za shaba za simu. Kioo hakinasi mawimbi ya umeme, ndiyo maana kebo isiyo na chuma inaweza kupita jirani na nyaya za stima bila mawasiliano kuchafuka.

Kelele ya faiba inatoka kwingine, na hapa ndipo ningependa wabishi wa pande zote wasimame kidogo. Kifaa kinachopokea mwanga kina mvumo wake wa ndani usiokwisha. Mwanga ukifika na nguvu, mvumo huo haudhuru. Ukifika umechoka, kifaa huanza kukosea kutofautisha moja na sifuri. Hurekebisha makosa machache, yakizidi kinashindwa. Juu ya hapo kuna mwanga unaogonga kiungio kibaya na kurudi ulikotoka, ukaingiliana na unaokuja.

Mtandao wa GPON, ule unaogawa uzi mmoja kwa nyumba nyingi na ambao umeenea sana majumbani, kwa daraja lake la kawaida huruhusu mwanga upotee desibeli 28 njiani, yaani ufike ukiwa umepungua zaidi ya mara 600. Splita ya kugawa nyumba 32 peke yake hula takriban 17. Kilomita tano za uzi hazifikishi hata 2. Weka konekta na maungio, 2 nyingine. Jumla 21, na akiba ni 7. Hesabu hii inatuambia jambo kuhusu Mombasa: kisiwa ni kidogo, umbali si adui yetu. Mwanga wetu hupotelea kwenye viungo, na kiungo kibovu ni kibovu kikiwa nguzoni au ardhini.

Nalisema hili kwa kuwa lilinipata. Kwa miezi miwili intaneti ya nyumbani ilikatika karibu kila alasiri. Kampuni ilibadilisha rauta mara mbili. Fundi wa tatu, kijana mpole, hakuigusa rauta. Alichomoa uzi, akauweka kwenye kipimo chake cha nguvu ya mwanga, kinachosoma kwa dBm (namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi), akanionyesha.

"Mama, tazama hapa. -27.8. Mwisho wa kifaa hiki ni -27."

"Sasa mwanangu, mbona asubuhi inafanya kazi?"

"Asubuhi inabahatisha tu."

Uzi ulikuwa umebanwa nyuma ya fremu ya dirisha, na fremu ile ya alumini ikipata jua la mchana ilizidi kuubana. Zaidi ya hayo, mtu alikuwa amechomeka konekta ya buluu kwenye tundu la kijani. Ya kijani ncha yake imechongwa mshazari wa nyuzi 8 ili mwanga unaogonga usirudi moja kwa moja; ya buluu haina mshazari huo, na zikikutanishwa hubaki mwanya katikati. Fundi akapima kwa mawimbi mawili ya mwanga, la nanomita 1310 na la 1550. Kwa kuwa 1550 ilipotea zaidi, alijua kuna mpindo. Mpindo huvujisha wimbi refu kuliko fupi. Akabadilisha uzi wa ndani kwa ule wa kuvumilia kona, akafuta ncha ya konekta kwa kalamu yake ya kusafishia, akapima tena: -19.6. Kiini cha uzi kinachopitisha mwanga kina upana wa mikroni 9 tu. Chembe ya vumbi inatosha kukiziba, na hewa yetu ina vumbi, unyevu na chumvi pamoja.

Kampuni zina utetezi wake nazo. Fundi hulipwa kwa idadi ya nyumba anazounganisha, mteja anataka intaneti leo, na kifaa kinachosoma -26 kinafanya kazi siku ya kwanza. Vilevile kugawa mara 64 badala ya 32 hupunguza gharama ya kila nyumba, na kwa familia ya Likoni tofauti ya shilingi mia chache kwa mwezi si ndogo. Siudharau utetezi huo. Lakini splita ya 64 hula desibeli 3 na ushei zaidi, nusu ya mwanga, na ile akiba ya 7 inabaki kama 3 na nusu. Konekta moja ikiloa maji kwenye kisanduku kisichozibwa vizuri, akiba imeisha. Bei nafuu ya aina hiyo inadai kazi safi zaidi, na ndiyo kwanza hupewa kazi ya haraka zaidi.

Kwa hiyo nizike wapi, nitundike wapi? Uzi wa kuingia nyumbani ukikatika, inazimika nyumba moja, uache nguzoni. Uzi mkuu kutoka kituoni hadi splita ukikatika, zinazimika 32 au 64 kwa mpigo. Huo uzikwe, mwamba upasuliwe, na uwe na mwenzake anayepita njia nyingine. Splita zenye milango miwili ya kuingilia zipo, na hazili mwanga mwingi zaidi ya zenye mmoja. Uzi mmoja ukikatika mwingine unashika. Ugumu wetu ni jiografia: kutoka kisiwani kwenda kaskazini kuna Daraja la Nyali, magharibi kuna Makupa, kusini kuna mkondo wa Likoni. Nyuzi mbili zinazovuka daraja moja ni uzi mmoja siku daraja hilo linapochimbwa. Likoni walau sasa ina barabara ya Dongo Kundu ya kuzungukia.

Kitu kingine hakihitaji mtaro wala kibali: kila fundi aandike kipimo cha mwanga kwenye karatasi anayomsainisha mteja. Najua jibu, kwamba wateja hawaelewi dBm na watasumbua ofisi kwa kila desibeli moja. Wasumbue. Tulijifunza kusoma yuniti za tokeni za stima bila kwenda chuo.

Langu nimeliandika kwa kalamu ukutani, kando ya kisanduku: -19.6, na tarehe. Masika yalipopita nilimwomba kijana yule apime tena. Ilisoma -20.1, nikaiandika chini yake.