Moyo Umesimama, Kodi Bado

Januari 2013 ilinikuta Madrid, mtaa wa Lavapiés, nimeachishwa kazi ya kuosha vyombo. Sikuwa peke yangu: mwaka ule Uhispania, katika kila watu 100 wa nguvu kazi, zaidi ya 25 walikuwa wanazurura kama mimi. Lakini kodi ya chumba haijui takwimu.

Nikakesha na kamusi. Kihispania cha uchumi mbaya kina ngazi: kuna desaceleración, kuna crisis, kuna recesión, na chini kabisa depresión, yaani uchumi umeanguka kabisa. Mwaka 2008 waziri mkuu wao, Zapatero, alilikwepa neno crisis kwa miezi, aking'ang'ania desaceleración, eti uchumi umepunguza mwendo tu. Yeye alikuwa na kura za kulinda. Mimi naomba kuvumiliwa kodi, niende na neno dogo la nini? Nikachukua la chini kabisa. Na kukosa kazi, kamusi ikasema, ni paro.

Asubuhi nikavaa koti, nikagonga kwa mama mwenye nyumba.

"Señora," nikasema kwa sauti ya msibani, "he tenido un paro. Y ahora, depresión."

Mwiko ukamponyoka. Akanikalisha, akanimiminia supu ya kuku yenye tambi nyembamba, inafuka moshi. Nikajisemea, hawa watu uchumi wanauonea huruma kweli. Akaniuliza pananiuma wapi. Pochi yangu hukaa mfuko wa ndani wa koti, kushoto. Nikapagonga kwa kidole: "Aquí, señora. Vacío." Patupu. Akapiga ishara ya msalaba, akaanza kutafuta simu.

Aliyeniokoa ni jamaa wa Ekwado niliyepanga naye. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ukisema uko "en paro", huna kazi. Ukisema umepata "un paro", moyo wako ulisimama. Na depresión ya mtu mmoja hailetwi na benki, ni ugonjwa wa huzuni, wa kupelekwa kwa daktari.

Mama akashusha pumzi. "¡Ah! ¡La cuesta de enero!"

Cuesta nilikuwa naijua ya sokoni, ya kuuliza bei. "Ndiyo, señora," nikamjibu, "hiyo bei ya Januari ndiyo sina." Kumbe amesema mlima wa Januari, uleule tunaoukwea Tanga sikukuu zikiisha na ada za shule zikigonga hodi.

Akanipa mpaka tarehe 15. Supu akairudisha sufuriani, na paja nilikuwa sijaligusa.